Kuzimu si Mgodi: Dhidi ya Fundisho la "Mfumo wa Uchawi" katika Uhakiki wa Bunilizi za Kiswahili

Utangulizi

Fundisho moja limeanza kuota mizizi katika uhakiki wa bunilizi zinazohusu mambo ya ajabu, na hupokelewa kana kwamba limekwisha kuthibitika. Fundisho hilo ladai kwamba kila kazi ya kifantasia sharti iwe na "mfumo wa uchawi", yaani jumla ya kanuni zinazobainisha nguvu za ajabu zatoka wapi, zatenda nini, zina mipaka ipi, na zamgharimu mwenye kuzitumia kiasi gani. Kazi ambayo kanuni zake zaweza kuorodheshwa husifiwa kuwa imekomaa. Kazi ambayo kanuni zake haziorodhesheki huambiwa kuwa ni legelege, kwamba mtunzi wake ameitoa dawa mfukoni pale alipokwama, na kwamba visa vyake havina mantiki.

Lau fundisho hili lingeishia katika riwaya za vijana wa Marekani na Uingereza, lisingestahili mjadala mrefu. Lakini limekwisha kuvuka bahari. Hutumiwa sasa kupimia ngano za majini, visa vya kuzimu na riwaya za Kiswahili ambazo hazikutungwa kwa mizani hiyo. Matokeo yake yaweza kutabirika kabla hata ya kitabu kufunguliwa: Kiswahili kitaonekana kuwa na vipande vya fantasia vilivyotawanyika, visivyofikia kiwango cha "mfumo". Makala haya yanapinga hukumu hiyo. Yanashikilia kwamba katika masimulizi ya Kiswahili nguvu itokayo katika ulimwengu wa pili haichukuliwi kama madini yanayochimbwa kwa hatari fulani na kwa gharama fulani. Huchukuliwa kama uhusiano baina ya nafsi mbili, nao uhusiano huo hufungwa kwa ahadi na huvunjwa kwa hiana. Mhakiki anayetafuta mfumo mahali penye ahadi hataona kitu, kisha atamlaumu mtunzi kwa upofu wake mwenyewe.

Asili ya fundisho

Ni haki kwanza kulieleza fundisho lenyewe kwa ukamilifu. Mwenye kutajwa zaidi ni mwandishi wa Marekani Brandon Sanderson, ambaye mwaka 2007 alitoa insha iliyodai kwamba uwezo wa mtunzi wa kutatua migogoro kwa nguvu za ajabu hulingana na kiasi ambacho msomaji anazielewa nguvu hizo. Baadaye aliongeza kwamba mipaka ya nguvu hizo ina manufaa zaidi kwa masimulizi kuliko nguvu zenyewe. Ikumbukwe, hata hivyo, kwamba Sanderson hakusema kuwa kila kazi sharti ifuate njia hiyo. Aliitambua pia njia ya pili, iliyo laini, ambayo huiacha ajabu ibaki ajabu, na akamtaja J. R. R. Tolkien miongoni mwa walioifuata. Ni wafuasi wake waliogeuza shauri la kiufundi kuwa sheria ya kupimia fasihi zote.

Aidha, chimbuko la kina la fundisho hili limo katika michezo zaidi kuliko katika riwaya. Mchezo wa Dungeons & Dragons, uliotolewa Marekani mwaka 1974, ulihitaji kanuni za nguvu za ajabu kwa sababu iliyo wazi: wachezaji kadhaa hawawezi kushindana pasipo masharti wanayoyajua wote. Mwaka 1987 ulitolewa nchini Uingereza mchezo wa Warhammer 40,000, na humo dhana ya ulimwengu sambamba wenye hatari imefikia ukamilifu wake. Nyuma ya ulimwengu huu wa maada kuna ulimwengu mwingine, uliojaa hisia za viumbe wote na mashetani yaliyozaliwa na hisia hizo. Wenye vipawa huvuta nguvu kutoka huko, na kila wanapovuta hujiweka katika hatari ya kuvamiwa, kuraruliwa au kugeuzwa mlango wa shetani. Katika matoleo kadhaa ya mchezo huo hatari hiyo huamuliwa kwa kurusha dadu.

Hapana shaka kwamba huo ni ubunifu wa kuvutia. Lakini yafaa kutazama kwa makini ni sura gani ya ulimwengu inayojengwa na ubunifu huo. Ulimwengu wa pili hapa ni mgodi. Mtu hushuka, huchukua anachokitaka, na hatari anayoikabili ni ile ya mchimbaji: paa la shimo laweza kuporomoka. Hatari hiyo haina kisa na mtu fulani. Dadu halikumbuki wema wa jana, wala halimjui mwongo na mkweli. Ndiyo maana fundisho la mfumo husema daima juu ya "chanzo", "gharama" na "kikomo", ambayo yote ni maneno ya mhasibu wa kampuni ya madini.

Wala si kweli kwamba fasihi ya Magharibi yenyewe imekubali picha hii. Tolkien, katika mhadhara alioutoa mwaka 1939 katika Chuo Kikuu cha St Andrews, aliieleza nchi ya maajabu kuwa ni pahali pa hatari hasa kwa yule aingiaye humo kwa kiburi au kwa pupa. Ursula K. Le Guin, katika A Wizard of Earthsea ya mwaka 1968, anamwonyesha kijana Ged akiita roho ya mfu kwa sababu ya kushindana na mwenziwe, na kupitia ufa alioufungua kinatoka kivuli kinachomwandama baharini na nchi kavu. Kivuli hicho hakishindwi kwa ufundi. Kinashindwa pale Ged anapokiita kwa jina lake yeye mwenyewe. Kama mhakiki angelijaza jedwali la gharama na mipaka kuhusu riwaya hiyo, angelipata jedwali zuri na kuikosa riwaya.

Neno kabla ya nadharia

Kosa la kwanza la fundisho hili linapoingizwa katika Kiswahili ni la tafsiri. Neno la Kiingereza linalotumiwa kutajia nguvu zote za ajabu halina mwenzake mmoja katika Kiswahili, na kulifasiri kwa neno "uchawi" ni kufanya kosa ambalo halitarekebishwa na nadharia yoyote itakayofuata. Kiswahili kina uchawi na ulozi, kina uganga na uaguzi, kina sihiri, ramli, hirizi na kafara, na kina mazingaombwe na kiinimacho. Maneno haya hayatofautiani kwa chanzo cha nguvu wala kwa kiasi chake. Dawa ile ile, ikitiwa katika chetezo kile kile, yaweza kuwa uganga kwa anayeponywa na uchawi kwa anayedhurika. Kinachotenganisha maneno hayo ni nani anamtenda nani, kwa nia gani, na ni nani anayesema hivyo.

Neno "mchawi" lina tabia ya pekee. Mganga hujitangaza, hutundika vifaa vyake na hupokea wateja katika kilinge chake. Mchawi hajitangazi. Uchawi kwa kawaida ni jina ambalo mtu hupachikwa na mwenziwe: jirani, mke mwenza, mpwa anayesubiri shamba. Kwa maneno mengine, katika Kiswahili "uchawi" ni tuhuma kabla ya kuwa nguvu. Kusema "mfumo wa uchawi" bila kusita ni kuichukua tuhuma na kuifanya ufundi, kama kwamba mtu angeweza kusema "mfumo wa wizi" na kudhani anazungumzia uchumi.

Jambo hili lina uzito nje ya darasa. Katika kaunti ya Kilifi wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi kwa miaka mingi, na mara kwa mara nyuma ya tuhuma hizo mna ugomvi wa ardhi na urithi. Hata mtunga sheria wa kikoloni, ambaye hakusifika kwa kuwaelewa watu aliowatawala, alitambua kwamba tuhuma yenyewe ni tendo: Sheria ya Uchawi ya mwaka 1925 ilimfanya kuwa mkosaji yule anayejidai kuwa na nguvu za uchawi, na ikamfanya kuwa mkosaji pia yule anayemtuhumu mwenziwe kuwa mchawi. Mhakiki wa fasihi anayeandika juu ya "mchawi" katika riwaya kana kwamba ni fundi tu, mwenye chanzo na kikomo cha nguvu, anaijua lugha yake chini ya kiwango cha sheria hiyo.

Istilahi nyingine iliyozoeleka, yaani "uhalisia wa kimazingaombwe", nayo haina budi kutazamwa upya. Imetumiwa kwa manufaa katika kuzilinganisha riwaya za Kiswahili na zile za Amerika ya Kusini. Lakini mazingaombwe ni mchezo wa kudanganya macho, na watazamaji hujua kwamba wanadanganywa. Kuliweka neno hilo juu ya kisa cha jini au cha mzimu ni kuamua mapema, kabla ya kusoma, kwamba kinachosimuliwa ni ulaghai wa kupendeza. Istilahi haipaswi kumfanyia mhakiki kazi ya kufikiri.

Hasibu na mfalme wa nyoka

Mfano wa kwanza wautoa ushahidi ulio wazi. Kisa cha Hasibu Karim ad-Din na mfalme wa nyoka kimo katika mkusanyiko wa ngano za Zanzibar uliotolewa na Edward Steere mwaka 1870, na asili yake ni katika masimulizi ya Alfu Lela Ulela. Hasibu anaachwa na wenziwe ndani ya shimo lililokuwa na asali, ili wao waifaidi mali peke yao. Akiwa humo anamwona nge, anajiuliza nge huyo ametokea wapi, anaupanua ufa kwa kisu na kujikuta katika milki ya nyoka. Hapa pana kila kitu ambacho fundisho la mfumo lakitaka: ulimwengu wa pili, mlango wake, na hatari isiyo na shaka.

Lakini tazama masimulizi yanakokwenda. Mfalme wa nyoka hamdhuru mgeni. Anamkirimu na kumsimulia visa. Anapokubali kumwachilia arudi kwao, anamtaka ahadi moja: asiende kuoga hamamuni, kwa kuwa huko ndiko atakakojulikana kuwa amewahi kufika kwa nyoka. Mfalme anajua kwamba ahadi hiyo itavunjwa na kwamba kuvunjwa kwake kutamletea kifo. Anamwachilia hata hivyo. Ahadi inavunjwa, alama inaonekana, na waziri anamlazimisha Hasibu aonyeshe njia. Mfalme wa nyoka, akipelekwa kuuawa ili mwili wake uwe dawa ya sultani, anamfundisha yule yule aliyemsaliti namna ya kuyatumia maji atakayochemshiwa, ili waziri dhalimu afe na Hasibu asalimike.

Mhakiki wa mfumo atauliza kwa nini mwili wa nyoka unaponya, kwa nini alama hutokea hamamuni, na kwa nini maji yale humuua mmoja na kumnusuru mwingine. Hatapata jibu, na ataandika kwamba kisa hakina kanuni. Ukweli ni kwamba kisa hiki kina kanuni kali kupita zote: ahadi ni deni. Nguvu yote ya ulimwengu wa pili inapita katika mkondo huo mmoja. Ajabu kubwa ya kisa hiki haimo katika dawa. Imo katika mdai anayemsamehe mdaiwa wake akiwa njiani kwenda kufa, na hakuna mfumo wa gharama unaoweza kulihesabu tendo hilo, kwa kuwa limekiuka hesabu kwa makusudi.

Jaa la Sultani Darai

Ngano nyingine katika mkusanyiko huo huo wa Steere ni ile ya Sultani Darai. Masikini anayechakura jaani anapata kipande cha fedha na kununua paa. Paa huyo anasema. Anamtafutia bwana wake almasi, anamposea binti ya sultani, anamuua nyoka mkubwa mwenye vichwa saba na kumkabidhi masikini nyumba na mali ya nyoka huyo. Paa anapougua, masikini aliyekuwa sasa bwana mkubwa anamdharau. Paa anakufa kwa simanzi na kutupwa kisimani. Mke anarudi kwao, na yule bwana anaamka akijikuta jaani, akichakura kama zamani.

Katika kisa hiki hakuna lolote linaloelezwa. Paa ametoka wapi? Nani amempa kauli? Ni nguvu gani inayomrudisha mtu jaani? Msomaji hawezi kutabiri chochote kwa kanuni zilizotangazwa, kwa maana hazikutangazwa. Hata hivyo hakuna msikilizaji, mtoto au mtu mzima, anayeshangaa mwisho unapofika. Kila mmoja anauona ukija tangu bwana anapoagiza mgonjwa apewe chakula duni. Hili lapaswa kuwatia shaka wenye kudai kwamba msomaji hukubali ajabu kwa kadiri anavyoijua kanuni yake. Msikilizaji wa Zanzibar haijui kanuni yoyote ya paa, lakini anaijua kwa uhakika hukumu ya asiyeshukuru. Ufahamu unaohitajika upo, ila haukuhifadhiwa mahali ambapo fundisho hilo limezoea kuutafuta.

Viboko vya Adili

Huenda ikadaiwa kwamba mifano hii ni ya ngano za kale. Yafaa basi kumtazama Shaaban Robert. Katika Adili na Nduguze, iliyochapishwa mwaka 1952, ndugu wawili, Hasidi na Mwivu, wanamfanyia Adili uovu mkubwa, na jini Huria, aliyewahi kutendewa wema na Adili, anawageuza ndugu hao kuwa manyani. Adili anaamrishwa awapige kila usiku. Anafanya hivyo, huku akiwapenda na kuwahurumia, mpaka siri inapomfikia mfalme Rai na ndugu wanaombewa kurudishiwa umbo lao.

Wahakiki wengi wamekisoma kisa hiki kama mafunzo ya maadili, na majina ya wahusika yamewarahisishia kazi. Wahakiki wa mfumo nao watakiona kuwa na upungufu: nguvu za Huria hazina kikomo kinachojulikana. Makundi yote mawili yamepitwa na jambo lililo kubwa. Huria anamlipa Adili fadhila, na malipo hayo yanakuwa adhabu kwa Adili mwenyewe. Deni la ulimwengu wa pili limelipwa kikamilifu, tena kwa uaminifu, lakini mkono unaoshika kiboko ni wa mtu asiyetaka kupiga. Hapa Shaaban Robert anauliza swali ambalo maadili peke yake hayalijibu: haki inayotendwa na nguvu isiyo na huruma ya kibinadamu yaweza kuwa haki kwa nani? Jibu halitoki ujinini. Inabidi mwanadamu mwenye mamlaka ya kibinadamu aombe msamaha kwa niaba ya wakosaji. Ulimwengu wa pili unalazimishwa kusikiliza ombi, na ombi ni tendo la uhusiano. Mgodi hauombwi.

Lugha ya Pwani yenyewe yalithibitisha hili. Husemwa kwamba mtu "anafuga" jini, na afugaye hana budi kulisha. Pepo akipanda hutakiwa aseme jina lake na haja yake, na mwili aliopanda huitwa kiti, kwa maana mgeni aliyefika hukaribishwa na kusikilizwa. Hatari iliyo katika mahusiano hayo ni hatari ya mgeni mwenye haki zake, ambaye huenda akadai alichoahidiwa siku ambayo mwenyeji amekisahau.

Riwaya za karibuni

Riwaya za miongo ya karibuni hazikuiacha njia hii, ingawa zimeigeuza. Katama Mkangi, katika Walenisi ya mwaka 1995, anamtoa Dzombo katika dunia ya dhuluma na kumfikisha katika nchi ambayo jina lake, likitamkwa polepole, latoa siri ya riwaya nzima: wale ni sisi. Ulimwengu wa pili hapa ni deni ambalo jamii inajidai yenyewe. Katika Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed, iliyotoka mwaka 2001, aliyerudi kutoka kwa wafu anamjia mjukuu wake, K, aliyenenepa katika utawala uliooza, na kumtembeza aone alichokifanya. Babu hatoi nguvu yoyote ya kutumiwa. Anadai hesabu. William Mkufya, katika Ziraili na Zirani ya mwaka 1999, anayahamishia ahera mabishano ya imani na akili, na Euphrase Kezilahabi katika Nagona (1990) na Mzingile (1991) anavunja mipaka ya wakati na mahali ili kumlazimisha msomaji aulize ukweli ni nini.

Kazi hizi zatofautiana sana, na si lengo la makala haya kuzitia zote katika chungu kimoja. Lakini zina jambo moja la pamoja: hakuna hata moja inayomwonyesha mtu akiuchota ulimwengu wa pili kama maji ya bomba na kurudi kwake akiwa yule yule. Ulimwengu huo ndio unaomjia mtu, unamwita kwa jina na kumuuliza maswali. Mhakiki anayetumia jedwali la chanzo na gharama atalazimika kuacha sehemu zote hizo tupu.

Pingamizi tatu

Pingamizi la kwanza ni kwamba pasipo kanuni zilizotangazwa mtunzi atafanya atakalo, na masimulizi yatakuwa ovyo. Ni kweli kwamba zipo kazi za ovyo, ambamo jini huletwa ili kumnasua mtunzi. Lakini dawa ya ugonjwa huo si orodha ya kanuni. Jini aliyeletwa bila ahadi, bila deni na bila haja yake mwenyewe ni jini mbovu hata akipewa kikomo na gharama. Mizani iliyopendekezwa hapa inamkamata mtunzi huyo kwa urahisi zaidi, kwa kuwa humuuliza: huyu ametoka kwa nani, anamdai nani, na atalipwa nini?

Pingamizi la pili ni kwamba hoja hii inaurudisha uhakiki katika enzi ya kutafuta mafunzo. Hapana. Funzo humalizika linapotajwa. Deni huendelea kuzaa maswali, kama linavyofanya katika viboko vya Adili. Mhakiki aliyeandika kwamba Sultani Darai inafunza shukrani hajakosea, ila amesimama mlangoni. Kazi yake ingeanza pale anapouliza kwa nini paa, aliyekuwa na uwezo wa kumuua nyoka wa vichwa saba, anakufa kwa sababu ya maneno ya dharau.

Pingamizi la tatu ni kwamba hoja hii ni ya kujifungia, ya kudai kwamba fasihi ya Kiswahili yaweza kusomwa kwa mizani ya kwao tu. Anayesema hivyo amesahau kwamba Hasibu alikuja na majahazi na kwamba Adili ana mizizi katika Alfu Lela Ulela. Kiswahili hakijawahi kuogopa mgeni. Zaidi ya hayo, mizani ya deni yafaa kupimia mengi ya mbali. Katika The Palm-Wine Drinkard ya mwaka 1952, Amos Tutuola anamfanya shujaa wake auze kifo chake na kukopesha hofu yake kwa riba kabla ya kuendelea na safari, na ni vigumu kukipata kielelezo bora zaidi cha nguvu za ajabu kama deni. Ged wa Le Guin naye ni mdaiwa anayefukuzwa na deni lake. Kinachokataliwa hapa ni kipimo kimoja kilichozaliwa mezani pa mchezo kujitwalia kiti cha hakimu katika fasihi zote.

Hitimisho

Hakuna anayewazuia watunzi vijana wa Kiswahili kubuni ulimwengu wenye kanuni kamili, ikiwa ndivyo wanavyotaka. Zaweza kutungwa riwaya nzuri kwa njia hiyo, na zikitungwa zisomwe kwa njia hiyo. Lakini tasnifu inayoanza kwa kuuliza "mfumo wa uchawi" katika ngano za majini, kisha ikahitimisha kwamba haukuonekana, haikugundua upungufu wowote wa ngano hizo. Imegundua tu kwamba swali lake liliulizwa kwa mtu asiyehusika.

Wasimamizi wa tasnifu hizo wana wajibu ulio wazi. Kabla ya mwanafunzi kuruhusiwa kuandika neno "uchawi" katika kichwa cha kazi yake, atakiwe kueleza ni nani katika matini anayelitamka neno hilo, anamtamkia nani, na anayetamkiwa anapoteza nini. Atakayelijibu swali hilo kwa ukamilifu atakuwa tayari ameandika sura yake ya kwanza, na huenda akagundua kwamba kikongwe wa riwaya aliyedhaniwa kuwa na mfumo hakuwa na chochote ila shamba ambalo wapwa zake walilitamani.